Saini ya Mtani

Sehemu ya Tisa

Kalamu bado ipo hewani. Wiki nzima ipo hewani, na mmenipigia simu mpaka sikio limeota sugu, mkitaka kujua kama Humphrey Mapunda atasaini au hatasaini. Mmoja wenu amenisihi nimhurumie Evodius. Namjibu hapa hapa: huruma haipo kwenye mkataba wangu na mhariri.

Kwa wewe uliyekuwa safarini, twende haraka. Evodius ni Mhaya aliyepata uraia wa Marekani, na anataka kumleta mke wake Tulia huko Minnesota. Serikali ya kule inamtaka mume aonyeshe kipato cha kutosha, ili mke asije akawa mzigo wa umma. Evodius anafanya kazi kiwandani Fridley, lakini mwaka jana nusu mwaka aliumaliza kitandani na mgongo, kipato kikapungua. Kikipungua, anatakiwa mdhamini: mtu mwenye mshahara wa maana, atie saini kwamba Tulia akikosa chakula, yeye ndiye atakayemlisha. Humphrey alijitolea kanisani mbele ya watu, akapigiwa makofi. Tulia ameacha kazi ya ualimu Iringa, yuko Dar es Salaam kwa shangazi yake, na usaili wake ubalozini ni Jumatano.

Leo ni Jumamosi asubuhi. Tupo sebuleni kwa Humphrey, Maple Grove, theluji imejaa nje mpaka kwenye sanduku la barua. Humphrey ameshika kalamu. Evodius ameketi mbele yake. Pembeni yuko Generosa, dada yake Evodius, ameshika kikombe cha chai. Na Valentina, mke wa Humphrey, anashuka ngazi na simu ya mumewe mkononi.

"Nobody is signing anything," alisema Valentina. "Sikilizeni hii kwanza."

Akabonyeza.

Sauti ya Tulia ikaijaza sebule. "Haloo, mume wangu wa Maple Grove! Huyo Mhaya ameshafika hapo? Mwambie afanye haraka. Mimi yule ni ngazi yangu tu ya kupandia ndege. Nikishuka uwanjani, naja kwako moja kwa moja..."

Valentina akaikata hapo. Kumbukeni kwamba aliikata yeye mwenyewe, na kwamba maneno yalikuwa bado yanaendelea.

Generosa aliweka kikombe chini.

Evodius alitazama simu, akamtazama Humphrey, kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Alicheka.

"Shemeji Valentina, umenitisha bure! Huo ni utani. Tulia ni Mhehe, mumeo ni Mngoni. Hao ni watani!"

"Watani ni nini?" aliuliza Valentina.

Msimcheke. Valentina alizaliwa Saint Paul. Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa mama yake, na mambo ya makabila hayakuwa kwenye menyu. Wewe na mimi tunajua kwamba Wahehe na Wangoni waliwahi kuchinjana, walipochoka wakageuka watani. Mhehe akimwita Mngoni mla panya, Mngoni anajibu kwa kumwita Mhehe mla mbwa na mtumwa wake. Wanaitana mke na mume, wananyang'anyana kofia njiani, na hakuna anayenuna. Atakayenuna ndiye mjinga.

Evodius alimweleza hayo yote huku akitabasamu. Valentina alisikiliza mikono kifuani.

"So ni joke," alisema.

"Ni joke, shemeji. Muulize mumeo. Humphrey, mweleze mkeo bwana, tumalize tusaini."

Humphrey alikuwa anaitazama kalamu. Aliigeuza, akaifunika, akaiweka mezani taratibu.

"Mimi siyo Mngoni," alisema.

"Unasemaje?"

"Nyie mnaniita Mngoni kwa sababu nimetoka Songea. Sijawahi kubisha, nilikuwa naona tabu tu kueleza. Baba yangu ni Mmatengo wa Mbinga. Sisi hatuna utani na Wahehe."

Tabasamu la Evodius halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni kidogo, halina kazi.

"Humphrey, acha mzaha. Kila siku mnaitana na Tulia..."

"Anaita yeye. Mimi nilikuwa napokea tu."

Hapo Valentina akageuka na kumtazama mumewe. "Unapokea? Unapokea nini, Humphrey?"

"Val, tusiongee mbele ya wageni."

Nani kati yenu hajawahi kusikia mwanamume akisema hivyo? Na nani hajui maana yake?

"Mpigie," alisema Evodius. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mpigie Tulia sasa hivi. Kwa simu hiyo hiyo. Atatueleza mwenyewe."

Ningekuwa pale ningemvuta shati. Ukitaka kumuuliza mkeo swali la namna hiyo, mpigie kwa simu yako. Lakini hasira haina subira ya kuchagua simu. Valentina alibonyeza jina la Tulia, akaweka sauti ya juu, akaiweka simu mezani juu ya zile karatasi ambazo hazijasainiwa.

Ilipokelewa haraka. Dar es Salaam ilikuwa jioni, sauti za watoto wakicheza zilisikika, na Tulia alikuwa na furaha ya mtu ambaye amefungasha mabegi.

"Mume wangu! Umekula panya leo? Enhee, nipe habari. Yule mpagazi wa Fridley ameleta karatasi?"

Generosa alifumba macho.

"Tulia," alisema Evodius.

Kisha kicheko kifupi. "Evo? Kumbe upo hapo! Jamani, nilijua ni mtani wangu."

"Mimi ni ngazi, Tulia?"

"Nini?"

"Nimesikia ujumbe wako. Mimi ni ngazi ya kupandia ndege. Na mpagazi."

"Evo, mume wangu, si utani! Wewe si unajua? Kila siku si tunataniana hivi, na wewe ukicheka? Muulize Humphrey. Mtani, mweleze mwenzako."

Evodius aliinamia simu. "Humphrey anasema yeye siyo Mngoni."

"Anasema nini?"

"Anasema hana utani na Wahehe. Anasema wewe unaita, yeye anapokea."

Watoto kule Dar waliendelea kucheza. Tulia alipozungumza tena, furaha yote ilikuwa imetoka. "Humphrey. Upo hapo? Tafadhali sema ukweli. Humphrey, zimebaki siku nne tu kufika Jumatano."

Wote wakamtazama Humphrey. Neno moja. Angesema neno moja tu, ndoa ya watu ingepona, na mimi ningekosa hadithi.

Alijikuna kidevu. "Shemeji," alisema, "mimi nimechoka. Tuyaache."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mmezoea kumwona Evodius ni mtu mpole. Ni mpole kweli. Lakini mpole akiaibishwa mbele ya dada yake, sebuleni kwa mtu aliyemzidi mshahara, hutafuta mahali pa kuchoma kisu, na huwa anapajua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alionyeshwa na mkewe mwenyewe wakati wa mapenzi.

Mama yake Tulia alifariki mwaka juzi. Kabla hajafa alimwita Evodius kwenye simu ya video, akamwambia, nakuachia binti yangu. Tulia alimweleza Evodius kwamba neno hilo ndilo linalomfanya alale usiku.

"Afadhali mama yako alikufa mapema," alisema Evodius. "Amekufa akidhani amezaa mtu."

"Evodius!" Generosa alisimama.

"Jumatano usikanyage ubalozini. Rudi Iringa ukaombe kazi yako kwa magoti. Na hilo begi nililokununulia, liache kwa shangazi yako, nitatuma mtu alichukue."

Tulia hakulia. Simu ilikatika, na hatukujua aliyekata ni yeye au ni mtandao.

Evodius alikusanya karatasi zake mezani. Zikamponyoka, akaziokota moja moja huku mwenye nyumba akimtazama bila kumsaidia. Valentina aliichukua simu ya mumewe, akapanda ngazi bila kuaga. Mlango wa chumbani ulipigwa mpaka picha ya harusi yao ukutani ikakaa upande.

Na Humphrey? Humphrey alivuta pumzi ndefu. Generosa aliiona hiyo pumzi. Haikuwa ya mtu aliyefumaniwa. Ilikuwa ya mtu aliyetua gunia.

*

Generosa ndiye aliyeendesha gari. Walikuwa hawajatoka hata kwenye mtaa ule alipopunguza mwendo, akasimama pembeni ya rundo la theluji, akazima redio.

"Evo, unamkumbuka mzee Kihwele?"

"Dada, siyo sasa."

"Nimekuuliza unamkumbuka mzee Kihwele aliyekufa Brooklyn Park?"

"Namkumbuka."

"Mhehe yule. Siku ya kumzika nani alilala mbele ya gari la maiti?"

Evodius alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Alikiinua.

"Nani alilala kwenye barafu na suti yake ya bei," aliendelea Generosa, "akasema mtumwa wake hazikwi mpaka Wangoni walipwe? Wazungu wa nyumba ya mazishi wakataka kuita polisi. Nani alipewa chupa ya soda na kuku mzima ndipo akaondoka, na wafiwa wakacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze?"

"Humphrey," alisema Evodius.

"Humphrey! Mmatengo gani anathubutu kulala mbele ya jeneza la Mhehe? Watoto wa marehemu wangemvunja mbavu. Yule ni Mngoni mpaka kwenye kucha."

Evodius aliushika mdomo wake kwa mkono. Nadhani alikuwa anajaribu kuyarudisha ndani yale aliyoyasema kuhusu mama wa watu. Hayarudi.

"Sasa kwa nini..." alianza.

"Ndiyo swali. Mtu hakani kabila lake bure. Tena mbele ya mkewe, aonekane mzinzi! Kuna kitu anakificha ambacho kwake ni kibaya kuliko uzinzi. Nani anafanya naye kazi pale ofisini kwake, Eden Prairie?"

"Kiprop. Yule Mkenya tunayecheza naye mpira."

"Mpigie."

Kiprop alipokea akiwa dukani, kelele za mashine ya kulipia zikilia nyuma yake.

"Evo, buda! Niaje?"

"Salama, Kiprop. Samahani, nakuuliza kitu kidogo. Humphrey Mapunda bado mko naye ofisi moja?"

"Humphrey? Aki wewe, kwani hakukuambia? Walim-layoff kitambo sana. Before Thanksgiving. Department yao yote ilienda, walipewa package wakaambiwa bye."

"Lakini kila asubuhi anaondoka nyumbani na begi la kompyuta..."

"Hiyo sasa sijui. Mimi humwona pale library ya Eden Prairie nikipeleka watoi wangu kusoma. Ana-park, anakaa tu ndani ya gari. Nilifikiria ana-meet mtu. Kwani iko nini?"

Evodius alishukuru, akakata.

Basi mmepata. Mdhamini wetu hana kazi. Tajiri wa Maple Grove, mtu wa kupigiwa makofi kanisani, alikuwa anamegea nyumba yake kidogo kidogo kile kiinua mgongo walichompa, tarehe za mshahara, ili Valentina asijue. Angesaini nini? Kipato gani? Udhamini unataka uthibitisho wa mshahara, na yeye mshahara wake wa mwisho ulikuwa umeshaota ukungu. Kila wiki alikuwa anatafuta namna ya kujitoa bila kusema ukweli, ndiyo maana kalamu ilikaa hewani muda wote ule. Halafu mkewe mwenyewe akamletea mlango kwenye simu.

Wapo wanaume ambao ukiwaita wazinzi wanakasirika, lakini ndani kwa ndani wanavimba. Mwite mmoja wao mtu asiye na kazi, anakufa. Humphrey ni wa kundi hilo, na kwa ajili ya heshima ya namna hiyo alimwacha mwanamke asiye na kosa achinjwe mezani kwake. Mimi nimeandika waovu wengi kwenye ukurasa huu. Huyu ananitia kichefuchefu.

"Geuza gari," alisema Evodius.

*

Walimkuta gereji. Mlango mkubwa ulikuwa wazi nusu, na Humphrey alikuwa anatafuta koleo la theluji, kwa kuwa mtu mwenye aibu hupenda kazi ya kuinama. Generosa alisimama mlangoni akiwa na koti lake refu. Evodius aliingia.

"Mngoni," alisema.

Humphrey hakugeuka. "Nimeshakwambia mimi siyo..."

"Pale library huwa unasoma, au unakaa tu kwenye gari?"

Koleo lilianguka.

Nyuso za watu ni kitu cha ajabu. Humphrey aliambiwa ana hawara, akajikuna kidevu. Sasa hivi midomo ilikuwa imepauka.

"Ongea polepole," alinong'ona. "Evo, ndugu yangu, nakuomba. Valentina yuko jikoni. Baba mkwe wangu akijua... Nina usaili wa kazi wiki ijayo, wakinichukua hakuna atakayejua. Nipe muda."

"Wewe ulimpa Tulia muda?"

"Ningefanyaje? Ningesema nini?"

"Ungesema huna kazi! Ningetafuta mdhamini mwingine! Wiki zote hizi umenishikilia, Humphrey, nikakataa wengine waliojitokeza, nikawaambia nina Humphrey!"

Humphrey alifanya kitu ambacho Generosa atakisimulia mpaka uzeeni. Alipiga magoti kwenye sakafu ya gereji, kwenye maji ya theluji iliyoyeyuka, na suruali yake nzuri.

"Usinipigie magoti mimi," alisema Evodius. Alitoa simu yake, akapiga. "Mpigie yeye."

Iliita muda mrefu. Halafu ikapokelewa. Hakuna sauti iliyotoka upande wa pili, hata pumzi.

"Tulia," alisema Evodius. "Usikate. Huna haja ya kuniambia kitu. Msikilize huyu."

Akaiweka simu juu ya boneti ya gari la Humphrey, sauti ya juu. Humphrey aliisogelea kwa magoti yake.

"Mtani," alisema. "Mimi ni Mngoni. Baba yangu ni Mngoni, na babu yangu ni Mngoni. Yalikuwa ni utani yote, wewe huna kosa. Nimedanganya. Nimefukuzwa kazi, mtani. Tangu kabla ya sikukuu sina kazi. Niliona aibu. Nisamehe."

Simu ilikaa kimya juu ya boneti.

"Amesikia," alisema Generosa kutoka mlangoni. "Sasa shida ni moja. Jumatano inakuja, na mdhamini hatuna."

"Mnaye," ilisema sauti nyingine.

Mlango wa kutokea jikoni ulikuwa wazi. Valentina alikuwa amesimama hapo na soksi miguuni, simu ya mumewe bado mkononi. Sijui alisimama kwa muda gani. Kwa jinsi alivyomtazama Humphrey pale chini, alisimama kwa muda wa kutosha.

"Val," alisema Humphrey.

"Don't." Hakupandisha sauti. "Kila asubuhi nimekupa lunch. Nimekufungia lunch, Humphrey, ukakae nayo kwenye gari. Wewe nitaongea na wewe baadaye."

Akamgeukia Evodius. "Mimi ni citizen. Mimi ni pharmacist. Mshahara wangu unatosha peke yake, hatumhitaji huyu. Mimi nitasaini kwa ajili ya mke wako."

Evodius alitaka kumkumbatia. Alipiga hatua mbele, macho yamejaa machozi. "Shemeji, Mungu akubariki. Sijui nikushukuru vipi..."

"Ngoja. Sijamaliza." Aliinua simu ya mumewe. "Ile voice note niliikata. Mnataka kusikia mwisho?"

Akabonyeza. Sauti ya Tulia, ile ya asubuhi yenye furaha, ikatoka tena. "...naja kwako moja kwa moja. Mngoni wewe, mtumwa wako ndiye huyo anakuja! Nitakupikia, nitakufulia, nitakulelea na watoto wako. Ila huyo mkeo mtafutie pa kwenda kwanza, mimi siwezi kukaa nyumba moja na mwanamke ambaye hata ugali umemshinda!"

Kicheko cha Tulia. Mwisho wa ujumbe.

Kusema kweli, Valentina hajui kusonga ugali. Mama mkwe wake aliwahi kulisema hilo mbele ya watu, kwenye harusi, na Humphrey alicheka. Tulia hakuwa na habari. Alirusha tu neno la utani, likatua kwenye kidonda.

"Nimesoma kuhusu hii saini," alisema Valentina. "Nikisaini, namlisha mpaka awe raia. Hata mkiachana, bado ni mimi. Miaka, Evodius. So na mimi nataka yangu. Amesema atapika. Amesema atafua na kulea watoto. Good. Atakaa hapa kwangu, basement kuna chumba. Atapika, atafua, atalea watoto, mpaka awe citizen. Wewe utakuja kumwona Jumapili."

"Shemeji, ule ulikuwa utani," alisema Evodius.

"I know. Mmenieleza vizuri, na huyu ameeleza tena kwa magoti." Aliiweka simu ya mumewe mfukoni. "Mhehe na Mngoni wana utani. Mimi siyo Mngoni. Mimi sina utani na mtu."

Gereji ilikuwa baridi, lakini Evodius alikuwa anatoka jasho. Alimtazama Humphrey, ambaye alikuwa anaitazama sakafu. Alifikiria usaili wa Jumatano. Alifikiria watu wote aliowakatalia, na nyumba yake ya vyumba viwili kule Fridley, na kabati ambalo alishalitoa nguo zake nusu ili Tulia apate pa kuweka za kwake.

"Nina mgonjwa wa kumpigia simu," alisema Valentina. "Jibu sasa hivi, au mtafute mtu mwingine."

"Evo, usijibu," alisema Generosa. "Twende nyumbani. Evo, mdogo wangu, nakuomba, usijibu."

Watu wameniuliza kwa nini namwandika Evodius kwa ukali. Ni kwa sababu ya hapa. Alikuwa na dada mwenye akili pembeni yake, alikuwa na siku nne, na alikuwa na mdomo ambao asubuhi hiyo ulikuwa umeshafanya uovu wa kutosha.

"Sawa," alisema.

Generosa akageuka akatazama barabarani.

"Sawa nini?" aliuliza Valentina. "Sema yote, nisikie."

"Sawa. Atakaa kwako. Atafanya hizo kazi."

"Good. Lete karatasi."

Evodius alizitoa ndani ya koti. Valentina aliziweka juu ya boneti, akainama asaini, na mkono wake ukagusa simu iliyokuwa pale. Kioo kikawaka. Kwenye kioo kulikuwa na jina la Tulia, na saa ya maongezi ilikuwa bado inahesabu.

Hakuna aliyekuwa ameikata.

"Valentina," ilisema simu. Sauti ya Tulia ilikuwa tulivu kabisa, kama ya mwalimu anayeita majina darasani. "Kabla hujasaini, naomba niongee na mume wangu."

Evodius aliinyakua simu kwa mikono miwili. "Nipo hapa, mke wangu. Nipo. Tulia, nisikilize, nitakueleza..."

"Siyo wewe," alisema Tulia. "Huyo mwingine."